Floraidi si tindikali: namna ya kuitambua jozi ya asidi na besi mwenza wake

Katika mazungumzo ya kila siku kuhusu maji, watu wengi wa Arusha na Moshi huitaja floraidi kana kwamba ni tindikali inayopita kwenye bomba. Meno yenye rangi ya kahawia, yanayoonekana kwa watu wengi waliokulia Arumeru na sehemu za Hai, huelezwa kuwa yamechomwa na asidi ya maji. Maelezo hayo yanaaminika upesi kwa sababu floraidi kweli ina undugu na asidi moja hatari sana. Hata hivyo, maji yenye floraidi nyingi yanayotoka kwenye miamba ya volkano ya Mlima Meru kwa kawaida hayana uasidi. Mara nyingi huelekea upande wa pili, yaani upande wa besi, na hubeba bikaboneti ya sodiamu kwa wingi.

Mkanganyiko wa namna hiyohiyo upo darasani. Mwanafunzi wa kidato cha tano anayesoma kemia hupewa mlinganyo wenye dutu nne, mbili kushoto na mbili kulia, kisha huulizwa zipi ni jozi za asidi na besi wenza. Wengi huunganisha dutu mbili zilizoandikwa upande mmoja kwa kuwa zimekaa pamoja, moja ikiwa asidi na nyingine besi. Jibu hilo si sahihi, na sababu yake ni ileile inayomfanya mtu aite floraidi tindikali: hakuna aliyefuatilia kilichohama, kilikotoka na kilikokwenda.

Kinachohama ni protoni. Atomu ya haidrojeni ya kawaida ndiyo atomu rahisi kuliko zote, kwa sababu ina protoni moja katika kiini chake na elektroni moja nje ya kiini, basi. Ikiachana na elektroni hiyo, kinachobaki ni protoni tupu yenye chaji chanya, ambayo wanakemia huiandika H⁺. Mwaka 1923 wanakemia wawili, Johannes Nicolaus Brønsted wa Denmark na Thomas Martin Lowry wa Uingereza, kila mmoja kwa upande wake, walipendekeza maana ambayo vitabu vya shule vinaitumia hadi leo: asidi ni dutu inayotoa protoni, na besi ni dutu inayopokea protoni. Kabla yao, Svante Arrhenius wa Sweden alikuwa ameeleza asidi kuwa dutu inayotoa H⁺ ndani ya maji, na besi kuwa dutu inayotoa haidroksaidi, OH⁻. Maelezo ya Arrhenius yalifaa kwa mengi, lakini yaliikwamia amonia, NH₃, ambayo ni besi dhahiri ingawa ndani yake hamna OH hata kidogo. Kwa Brønsted na Lowry amonia haina utata, kwa sababu inapokea protoni na hiyo yatosha kuwa besi.

Maana hii ina matokeo ambayo watu huyapita haraka mno. Asidi ikishatoa protoni yake, kile kinachobaki kina nafasi ya kuipokea tena protoni. Kwa hiyo kinachobaki ni besi. Vilevile, besi ikishapokea protoni, sasa inayo ya kutoa, kwa hiyo imekuwa asidi. Dutu mbili zinazotofautiana kwa protoni moja tu, moja ikiwa nayo na nyingine ikiwa imeiachia, huitwa jozi ya asidi na besi wenza. Yenye protoni ni asidi. Iliyoikosa ni besi mwenza wake.

Picha ya bodaboda inaweza kusaidia hapa. Pikipiki yenye abiria mmoja ni asidi, na pikipiki hiyohiyo baada ya kumshusha ni besi mwenza wake, kwa kuwa kiti kiko wazi na inaweza kupakia tena. Abiria aliyeshuka hasimami barabarani, bali hupanda mara moja pikipiki nyingine iliyokuwa tupu, kwa sababu protoni haikai peke yake ndani ya maji. Ukitaka kujua jozi, usiangalie pikipiki mbili zilizoegeshwa pamoja kijiweni. Angalia namba ya usajili, kisha utafute namba hiyohiyo baada ya safari. Pikipiki ni ileile, ila abiria ndiye yupo au hayupo.

Tuichukue sasa asidi ya haidrofloriki, HF, ikiwa ndani ya maji:

HF + H₂O ⇌ F⁻ + H₃O⁺

HF ilikuwa na protoni upande wa kushoto. Upande wa kulia tunaikuta F⁻, ambayo ni floriini ileile bila protoni. Basi HF na F⁻ ni jozi: HF ni asidi na F⁻ ni besi mwenza wake. Maji, H₂O, yalikuwa tupu upande wa kushoto, na upande wa kulia yamekuwa H₃O⁺, ioni (yaani chembe yenye chaji) inayoitwa haidroniamu. Kwa hiyo H₃O⁺ ni asidi na H₂O ni besi mwenza wake. Kila mmenyuko wa namna hii huwa na jozi mbili, na kila jozi huvuka mshale, yaani mwenza mmoja yuko kushoto na mwingine kulia. HF na H₂O zilikutana na kubadilishana, lakini si jozi, kwa sababu hakuna namna ya kuondoa protoni moja kutoka HF ukabaki na maji.

F⁻ hii ndiyo floraidi inayozungumzwa Arusha na Moshi. Ni besi mwenza wa asidi, na kwa hiyo si asidi. Hoja hii ni nzito kuliko inavyoonekana, kwa maana majina mengi tunayoyaona kwenye lebo za maji ya chupa ni majina ya besi wenza. Kloraidi, Cl⁻, ni HCl iliyotoa protoni yake. Naitreti, NO₃⁻, ni asidi ya naitriki iliyotoa protoni yake, na bikaboneti ni asidi ya kaboniki iliyotoa moja kati ya protoni zake mbili. Mtu anayeogopa kloraidi kwa kuwa HCl ni tindikali anapaswa kukumbuka kwamba chumvi ya mezani, anayoitia kwenye mboga kila siku, ni sodiamu na kloraidi. Sodiamu na kalsiamu, ambazo nazo huandikwa kwenye lebo hizo, hazimo katika hesabu hii, kwa kuwa ioni zake hazina protoni ya kutoa wala hazipokei.

Mfano wa pili uko shambani. Wakulima wanaotumia mbolea ya SA, yaani salfeti ya amonia, huonywa wasiichanganye na majivu ya jikoni, na anayepuuza onyo hilo huletewa jibu na pua yake mwenyewe, kwani mchanganyiko ukipata unyevu hutoa harufu kali inayokereketa koo, kama ile ya banda la ng'ombe lisilosafishwa. SA ina ioni ya amoniamu, NH₄⁺. Majivu ya kuni yana kaboneti, CO₃²⁻. Zikikutana hutokea hivi:

NH₄⁺ + CO₃²⁻ ⇌ NH₃ + HCO₃⁻

Amoniamu imetoa protoni ikawa amonia, na kaboneti imeipokea ikawa bikaboneti. Jozi ya kwanza ni NH₄⁺ na NH₃. Jozi ya pili ni HCO₃⁻ na CO₃²⁻. Amonia ni gesi, kwa hiyo inapaa, na naitrojeni ambayo mkulima aliinunua kwa ajili ya mahindi au migomba yake inaishia hewani. Mfano huu unafundisha jambo ambalo mlinganyo wa HF pekee hauwezi kulionyesha vizuri, nalo ni kwamba maji si lazima yawe mshiriki. Protoni inaweza kutoka kwa dutu yoyote kwenda kwa nyingine, mradi inayopokea ina uwezo wa kuishikilia zaidi.

Umefika wakati wa kuzungumzia magadi, na hapa sioni sababu ya kwenda haraka, kwa sababu sijui kitu kingine cha jikoni kwetu kinachoonyesha jozi hizi waziwazi namna hii. Bonge la magadi linalouzwa katika soko la Kilombero, Arusha, au Mbuyuni, Moshi, lenye rangi ya kijivu au nyeupe iliyofifia, linalomeguka kwa kucha na kuacha vumbi jepesi kwenye vidole, kwa sehemu kubwa ni madini yanayojulikana kitaalamu kama trona. Ndani ya fuwele ya trona, kwa kila ioni moja ya kaboneti ipo ioni moja ya bikaboneti, pamoja na sodiamu tatu na molekuli mbili za maji. CO₃²⁻ na HCO₃⁻ zinatofautiana kwa protoni moja tu. Anayeshika bonge hilo kwa ajili ya kulainisha maharage au makande ameshika asidi na besi mwenza wake zikiwa zimelala pamoja, moja kwa moja, ndani ya fuwele moja.

Chanzo kikubwa cha madini hayo katika Mkoa wa Arusha ni Ziwa Natron, lililo chini ya mlima wa Oldoinyo Lengai. Volkano hiyo ndiyo pekee duniani iliyo hai ambayo lava yake ina kaboneti za sodiamu kwa wingi, na madini ya namna hiyo katika miamba ya eneo hilo huoshwa na mvua pamoja na chemchemi za moto hadi ziwani, ambako jua kali hukausha maji na kuacha gamba la chumvi. Kipimo cha pH ya ziwa hilo hupita 9 na mara nyingi hupita 10. Maji safi ya kawaida yako karibu na 7. Chini ya hapo ni upande wa asidi, juu yake ni upande wa besi. Kila hatua moja ya pH ni mabadiliko ya mara 10 ya wingi wa protoni. Katika maji yasiyo na chumvi nyingi, kaboneti na bikaboneti huwa sawasawa pH ikifika takribani 10.3. pH ikishuka chini ya hapo, protoni zipo za kutosha na bikaboneti huzidi. Ikipanda, protoni zimeadimika na kaboneti huzidi. Namba hii, ambayo kwayo wenza wawili wanakuwa nusu kwa nusu, huitwa pKa, na kila jozi ina yake.

Bikaboneti yenyewe ina mambo mawili. Inaweza kutoa protoni iliyobaki ikawa kaboneti, na inaweza kupokea protoni nyingine ikawa asidi ya kaboniki, H₂CO₃. Madereva na abiria wa bodaboda wanaujua vizuri upakiaji wa mishikaki, ambapo abiria wawili hukaa nyuma ya dereva. H₂CO₃ ni mishikaki ya protoni mbili, na abiria hawashuki kwa pamoja. Anashuka mmoja kwanza, pikipiki inabaki na mmoja, nayo ni HCO₃⁻. Kisha anashuka wa pili, inabaki tupu, nayo ni CO₃²⁻. Hatua ya kwanza ni jozi ya H₂CO₃ na HCO₃⁻, yenye pKa ya takribani 6.4, na ya pili ni jozi ya HCO₃⁻ na CO₃²⁻, yenye pKa hiyo ya 10.3.

Hapa ndipo kosa moja la mtihani linapojirudia kila mwaka. Mwanafunzi huandika kuwa besi mwenza wa H₂CO₃ ni CO₃²⁻ kwa sababu ameondoa haidrojeni zote. Ameondoa protoni mbili, kwa hiyo hizo si jozi. Ni ndugu wa nyumba moja, lakini si wenza. Kosa hilohilo hutokea kwa salfeti: asidi mwenza wa SO₄²⁻ ni HSO₄⁻, wala si H₂SO₄. Ukikuta tofauti ya zaidi ya protoni moja, kuna dutu ya katikati uliyoiruka.

Ukidondoshea maji ya limau juu ya kipande cha magadi utasikia mchemko mdogo na kuona povu. Protoni kutoka asidi ya sitriki ya limau zinapanda kwanza kwenye kaboneti na kuifanya bikaboneti, kisha kwenye bikaboneti na kuifanya asidi ya kaboniki, ambayo huvunjika upesi kuwa maji na hewa ya ukaa. Povu hilo ni hewa ya ukaa ikitoka. Anayelamba magadi kidogo kutuliza kiungulia anaanzisha mfululizo uleule tumboni, na ndiyo sababu baada yake hucheua, ingawa simshauri mtu afanye hivyo kama mazoea, kwa kuwa baadhi ya magadi ya kuchimbwa yana floraidi nyingi.

Maji yenye kalsiamu yakichemshwa, bikaboneti huonyesha uwezo wake wote kwa pamoja. Ioni moja ya HCO₃⁻ humpa protoni mwenzake: ya kwanza inakuwa CO₃²⁻, ya pili inakuwa H₂CO₃ na kupaa kama hewa ya ukaa. Kaboneti iliyobaki huungana na kalsiamu na kutua kama ukoko mweupe chini ya birika. Katika mmenyuko huo dutu moja imekuwa asidi na besi kwa wakati mmoja, na mwanafunzi asishangae kuona jina lilelile likitokea katika jozi zote mbili.

Kabla ya kurudi kwenye maji ya kunywa, yafaa kunyoosha jambo la nguvu na udhaifu, kwa maana maneno haya yamepotosha wengi. Asidi huitwa yenye nguvu ikiwa inaachia protoni karibu zote ndani ya maji, kama HCl inavyofanya, na huitwa dhaifu ikiwa sehemu kubwa yake inabaki na protoni zake, kama HF au asidi ya siki. Udhaifu huo hausemi lolote kuhusu usalama. HF ya maabara au ya kiwandani ni asidi dhaifu kwa maana ya kemia, lakini ikimwagikia ngozi hupenya hadi ndani na kuharibu mwili vibaya sana, ikinyakua kalsiamu iliyomo. Sehemu ya sababu ya kupenya huko ni hiyo hiyo kwamba haikuachia protoni yake, kwa hiyo haina chaji na inapita kwenye utando wa seli kwa urahisi zaidi.

Upotofu wa pili unatoka kwenye sentensi inayokaririwa madarasani: "asidi dhaifu ina besi mwenza yenye nguvu." Ukweli ni wa taratibu zaidi. Kadiri asidi inavyoachia protoni kwa urahisi, ndivyo besi mwenza wake anavyokuwa na uwezo mdogo wa kuirudisha. HCl huachia kabisa, kwa hiyo Cl⁻ haichukui protoni ndani ya maji na haibadilishi pH. HF huachia kwa kiasi, kwa hiyo F⁻ ina uwezo kidogo wa kupokea, lakini kidogo mno. Hiyo bado ni besi dhaifu. Ukizipanga baadhi ya besi zilizotajwa katika makala haya kuanzia yenye uwezo mkubwa zaidi wa kushika protoni, utaanza na haidroksaidi, OH⁻, kisha kaboneti, kisha amonia, kisha bikaboneti, kisha floraidi, na mwisho kloraidi. Mpangilio huo ndio unaoeleza majivu na SA: kaboneti iko juu ya amonia, kwa hiyo kaboneti humpokonya amoniamu protoni, na safari huelekea upande wa kulia.

Kwa zana hizi tunaweza sasa kuyaangalia maji yenye floraidi bila hofu isiyo na msingi na bila kupuuza hatari iliyopo. pKa ya jozi ya HF na F⁻ ni takribani 3.2. Maji ya kunywa yenye pH ya 7.2 yako hatua nne juu ya hapo, na kila hatua ni mara 10, kwa hiyo kwa kila molekuli moja ya HF zipo ioni 10,000 hivi za F⁻. pH ikiwa 8.2, uwiano unakuwa 100,000 kwa moja. Kusema kwamba maji hayo yana asidi ya haidrofloriki ni kukosea, kwa sababu karibu floraidi yote imo katika umbo la besi mwenza.

Meno ya kahawia basi yanatoka wapi? Floraidi ikizidi wakati meno yanajengwa ndani ya fizi, katika miaka ya utotoni, huvuruga uundaji wa tabaka gumu la nje la jino. Tabaka hilo hutoka likiwa na mabaka meupe au vitundu, na baadaye hushika rangi ya kahawia. Hakuna tindikali iliyolichoma. Tindikali inayokula meno ipo, lakini ni ile inayotengenezwa na bakteria mdomoni wanapokula sukari, na madhara yake ni matundu ya meno, ambayo ni ugonjwa mwingine. Shirika la Afya Duniani limependekeza floraidi isizidi miligramu 1.5 kwa lita moja ya maji. Tanzania iliwahi kuruhusu hadi miligramu 4 kwa lita, kutokana na ugumu wa kupata vyanzo vyenye floraidi kidogo, na kiwango kikizidi sana kwa miaka mingi mifupa nayo huathirika. Hatari ni ya kweli, ila njia yake si ya uasidi.

Jozi hiyohiyo hubadilika sura tukishameza. Tumboni pH hushuka hadi karibu 2, chini ya pKa ya 3.2, na protoni zimejaa tele. F⁻ hupokea protoni na kuwa HF, kiasi kwamba molekuli 15 hivi huwa HF kwa kila ioni moja inayobaki F⁻. Kiasi chote bado ni kidogo sana, kile kilichokuwamo kwenye glasi ya maji, wala hakiunguzi tumbo. Lakini HF haina chaji, kwa hiyo hupita kwenye ukuta wa tumbo kwa wepesi, na ikifika kwenye damu, ambako pH ni kati ya 7.35 na 7.45, huachia protoni yake na kuwa F⁻ tena. Protoni moja imepanda na kushuka, na floraidi imeingia mwilini.

Kutokana na hayo, maswali mawili ya nyumbani yanajibika. Kuchemsha maji hakuondoi floraidi, kwa sababu F⁻ ni ioni na haipai pamoja na mvuke; maji yakipungua kwenye sufuria, floraidi iliyobaki huwa nyingi zaidi kwa lita. Kukamulia limau nako hakusaidii. Limau huleta protoni, na sehemu ya F⁻ itageuka HF, lakini HF nayo hubaki ndani ya maji yaleyale. Kubadilisha mwenza mmoja kuwa mwingine hakumtoi yeyote kwenye glasi.

Njia iliyofanyiwa kazi kwa miaka mingi katika kituo cha Ngurdoto, Arumeru, ni mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Mfupa una madini ya kalsiamu na fosfeti yenye nafasi za OH⁻, na maji yakipitishwa kwenye mkaa huo F⁻ huingia kwenye nafasi hizo na OH⁻ hutoka. Mwanafunzi makini atauliza jozi ya asidi na besi iko wapi hapo. Haipo. Hakuna protoni iliyotoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine. Ioni nzima imebadilishana nafasi na ioni nyingine. Si kila mmenyuko unaotokea ndani ya maji ni wa asidi na besi, na kazi ya kwanza kabla ya kutafuta jozi ni kuhakikisha kwamba protoni imehama kweli.

Ikishathibitika kwamba imehama, chaji ni shahidi mzuri. Protoni ina chaji ya +1, kwa hiyo anayeitoa hupungukiwa chaji kwa moja na anayeipokea huongezeka kwa moja. HCO₃⁻ ikitoa, kutoka −1 inakwenda −2. NH₃ ikipokea, kutoka 0 inakwenda +1. Anayeandika kwamba besi mwenza wa NH₄⁺ ni NH₃⁻ amesahau hesabu hiyo. Tena, si kila haidrojeni inayoonekana kwenye fomula ni ya kutolewa. Asidi ya siki, CH₃COOH, ina haidrojeni nne, lakini inayotoka katika maji ni ile moja tu iliyoshikamana na oksijeni; tatu zilizoshikamana na kaboni hubaki mahali pake, na besi mwenza ni CH₃COO⁻. Jozi nyingine ya uongo inayowavutia wengi ni H₃O⁺ na OH⁻, kwa kuwa moja ni alama ya asidi na nyingine ya besi. Zinatofautiana kwa protoni mbili, na katikati yake yamekaa maji, ambayo ni besi mwenza wa ya kwanza na asidi mwenza wa ya pili.

Anayetaka kuiona jozi kwa macho bila maabara atengeneze chai ya rangi, aimimine kwenye glasi tatu, na aiache ya katikati ilivyo. Kwenye ya kwanza akamulie limau: rangi itafifia kuelekea njano. Kwenye ya tatu atie punje chache za magadi yaliyosagwa: rangi itakolea kuwa ya kahawia nzito. Viungo vinavyoipa chai rangi ni asidi dhaifu. Vikiwa na protoni zake rangi yake ni hafifu, na besi wenza wao wana rangi iliyokolea zaidi. Akiongeza limau kidogo kidogo kwenye glasi ya magadi, povu litatoka kwanza, kwa sababu kaboneti na bikaboneti zinashika protoni kuliko viungo vile vya chai, na chai itafifia vizuri baada ya hizo mbili kupokea za kwao.